Hesi za bolti zikilika hurekebishwa, lakini si zote

Hasara kubwa ya injini aghalabu huanza na mzunguko mmoja wa spana uliozidi. Gari hupelekwa gereji kubadilishwa oili, fundi hukaza kwa nguvu bolti ya kumwagia oili, kisha bolti hiyo huanza kuzunguka bila kushika. Siku chache baadaye, doa jeusi huonekana pale gari linapoegeshwa.

Kinachokuwa kimeharibika ni hesi, yaani ile mikato ya mzunguko ambayo mafundi huiita thredi. Hesi ndizo hubeba mzigo wote wa bolti, na hazigawani mzigo huo sawasawa. Ile ya kwanza, iliyo karibu na kichwa cha bolti, hubeba takriban thuluthi moja, na zinazofuata hubeba kidogo zaidi na zaidi. Hivyo hesi mbili au tatu za mwanzo zikilika, bolti huwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake hata kama bado inaonekana kushika.

Magari mengi katika barabara za Nairobi huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, lakini likishaingia huendelea kutumika kwa miaka mingi, na bolti zake kufunguliwa mara kadhaa kila mwaka. Sehemu nyingi za injini hizo zimeundwa kwa alumini ilhali bolti ni za chuma. Bolti inapokazwa kupita kiasi, alumini, iliyo laini zaidi, ndiyo hulika.

Chanzo kingine ni kuchanganya vipimo. Bolti mbili zenye unene wa milimita 12 zinaweza kutofautiana katika umbali kati ya hesi moja na nyingine. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo hutumia umbali wa milimita 1.5, na za Nissan nyingi milimita 1.25. Nati ya gari moja huanza kuingia katika bolti ya jingine, kisha hukwama. Fundi anayeilazimisha kwa spana ndefu au bunduki ya upepo huharibu nati na bolti kwa pamoja. Magari makuukuu ya Uingereza, zikiwemo Land Rover za zamani, yana bolti za inchi ambazo kamwe hazilingani na za milimita.

Tatizo hilo linajulikana sana katika barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji, ambayo wakongwe wangali wanaiita Grogan. Huko vipuri vya magari ya kila aina huuzwa bega kwa bega, na mafundi wa Kawangware, Kangemi na Dagoretti hufika kutafuta vipuri wasivyovipata mitaani mwao. Ni muhimu kubeba bolti ya zamani ili ilinganishwe na mpya. Bolti sahihi huingia kwa vidole pekee kwa mizunguko kadhaa kabla ya spana kuguswa.

Urekebishaji hutegemea kiasi cha uharibifu. Iwapo ni hesi za mdomoni tu zilizopinda, hunyooshwa kwa kifaa cha kukatia hesi, ambacho gerejini huitwa tepu. Zikiwa zimelika zote, njia rahisi ni kupanua tundu na kutumia bolti kubwa zaidi. Kwa mfano, tundu la bolti ya milimita 12 hutobolewa hadi milimita 12.5, kisha hukatwa hesi za milimita 14. Njia hii hufaa tu pale ambapo ukuta wa chuma uliosalia ni mnene wa kutosha, la sivyo hupasuka.

Njia iliyo bora kwa alumini ni helikoili, ambayo ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa mfano wa springi. Kwanza, tundu hupanuliwa kwa keekee. Kwa bolti ya milimita 12 yenye hesi za 1.25, hupanuliwa hadi takriban milimita 12.3. Pili, hesi mpya hukatwa kwa tepu maalum ya helikoili. Tatu, helikoili huzungushwa ndani hadi izame kidogo chini ya mdomo wa tundu. Mwisho, kijiulimi kilicho chini yake huvunjwa na kutolewa. Bolti ya kipimo kile kile cha awali hurejeshwa, na mara nyingi hushika imara kuliko ilivyokuwa katika alumini tupu.

Vipande vya chuma vinavyotokana na kazi hiyo ni hatari. Tepu hupakwa grisi ili vinase, na oili kidogo humwagwa kupitia injini ili kuvisafisha kabla ya bolti kufungwa. Kwa tundu la plagi, ni salama zaidi silinda hedi ifunguliwe, kwani kipande kikiangukia ndani huweza kukwaruza silinda.

Kuna wanaokwepa gharama kwa kuzungushia bolti utepe mweupe wa mafundi wa mabomba, au kuibandika kwa gundi. Injini hutetemeka, na oili yake hufikia nyuzi joto 100. Bolti ya namna hiyo ikidondoka katikati ya Waiyaki Way, oili huisha kwa muda mfupi na injini hukwama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo, zipo hesi ambazo hazipaswi kurekebishwa abadan. Hizo ni za bolti za magurudumu, za breki na za usukani. Bolti ya gurudumu iliyolika hung'olewa na kuwekwa mpya pamoja na nati yake. Kuiacha hivyo hivyo kwa kuwa nyingine tatu au nne zimeshika ni kuzibebesha hizo mzigo usio wao, na gurudumu likichomoka mwendo ukiwa wa kasi, anayeumia huenda akawa mtembea kwa miguu kando ya barabara.

Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyuton-mita 103, kwa spana yenye kipimo. Zinafaa kukaguliwa tena baada ya kilomita 100 hivi. Kwa matatu inayobeba abiria siku kutwa, umbali huo hukamilika haraka, na ukaguzi wenyewe huchukua dakika chache tu.