Safari Fupi ya Jinja: Mto Hautozi, Haraka Ndiyo Inayotoza

Kuna safari mtu hujipangia, na kuna safari anayopangiwa na msiba. Hapa Bondeni na kwingineko Nakuru, majirani zetu Wahindu wanazijua zote mbili. Mzee akishaaga dunia na mwili ukachomwa kwa taratibu za dini, majivu na vipande vya mifupa vilivyobaki, ambavyo wao huviita asthi, hupelekwa kwenye maji yanayotiririka. Wengine hawana msiba wowote. Wanataka tu kufika ukingoni mwa mto, waombe, waelekeze maua majini, kisha warudi nyumbani na moyo mwepesi.

Iwe ni kwa msiba au kwa ibada, maswali huwa ni yale yale: twende wapi, na pesa itatoka wapi?

Kwa wengi jibu la kwanza ni Varanasi, mji wa kale ulioko ukingoni mwa mto Ganga nchini India. Lakini tiketi za ndege za familia nzima si mchezo. Ndiyo maana leo tunazungumzia jibu lililo karibu, mwendo wa kama kilomita 400 kwa barabara kutoka Nakuru: Jinja, Uganda. Na hata kama wewe si Mhindu, usifunge ukurasa. Hesabu hii ni ile ile ya anayeenda Subukia, Namugongo au anayeweka akiba ya Haji.

Kwa nini Jinja?

Mahatma Gandhi aliuawa mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948. Baada ya mwili wake kuchomwa, majivu yaligawanywa ili yafike kwenye mito mbalimbali. Mengine yalimwagwa Allahabad, mji ambao siku hizi unaitwa Prayagraj, pale Ganga inapokutana na Yamuna. Mengine yakaletwa huku kwetu Afrika Mashariki na kumwagwa Jinja, mahali ambapo mto Nile unatoka Ziwa Victoria na kuanza safari yake ya zaidi ya kilomita 6,000 hadi bahari ya Mediterania.

Mwaka 1997, Waziri Mkuu wa India wakati huo, I. K. Gujral, alizindua sanamu ya Gandhi katika bustani za chanzo cha Nile. Tangu hapo mahali hapo pamekuwa pa kwenda kwa Wahindu wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania.

Je, Nile inaweza kuchukua nafasi ya Ganga? Hilo ni swali la kiongozi wako wa dini, si letu. Lakini lipo jambo moja la kutia moyo. Wahindu wana dua ya kale ya kuoga inayoita mito saba ya India, Ganga ikiwa ya kwanza, ije katika maji yaliyo mbele ya anayeomba. Mtu anaweza kuisoma akiwa mbele ya ndoo ya maji bafuni. Sembuse akiwa mbele ya Nile.

Kwa familia kadhaa Jinja pia ni mji wa babu. Jamii ya Wahindi ilikita mizizi pale kwa biashara, pamba na miwa, mpaka mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Kwa hiyo ukimpeleka mzee wako Jinja, huenda unamrudisha kwao.

Hesabu kwanza, tiketi baadaye

Wacha tupige hesabu ya mfano. Ndugu watatu na mama yao, wanayemwita Ba, wanataka kwenda Jinja na kulala siku mbili. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako baada ya kuulizia bei:

- Nauli ya basi kwenda na kurudi, watu wanne kwa 2,500 kila upande: shilingi 20,000
- Vyumba viwili kwa usiku mbili, 3,000 kila kimoja: shilingi 12,000
- Chakula na boda: shilingi 6,000
- Kiingilio, mashua, maua na sadaka ya pandit: shilingi 4,000
- Pesa ya dharura: shilingi 6,000

Jumla ni 48,000. Ukiiangalia hivyo inatisha. Lakini igawanye kwa watu wanne na wiki 12: kila mmoja anaweka 1,000 kwa wiki. Ikiwa Ba hana kipato, watoto watatu wagawane: kama 1,335 kila mmoja kwa wiki. Hiyo mtu anaweza kuibana.

Sasa angalia upande wa pili. Msiba umetokea Jumatatu, na kila mtu anasema lazima tuondoke Ijumaa. Tuseme unakopa 30,000 kwenye simu kwa ada ya asilimia 9 kwa mwezi. Utarudisha 32,700. Hiyo 2,700 ya ziada inazidi nauli ya mtu mmoja kwenda Jinja, na mto haukuiomba. Ukichelewa kulipa, deni linazidi kukua huku bado mna matanga.

Ni kweli familia nyingi hupenda kulimaliza jambo hili ndani ya siku kumi za mwanzo. Lakini zipo pia zinazohifadhi asthi mahali pa heshima mpaka ndugu walio mbali wafike. Kabla ya kukopa, mwulizeni pandit wenu swali moja: tunaweza kungoja mpaka lini? Huenda jibu lake likawaokolea pesa nyingi kuliko punguzo lolote la nauli.

Pesa ya safari ikae peke yake

Pesa ya safari ikichanganyika na ya unga, itageuka unga. Tusidanganyane. Fanyeni hivi:

Kwanza, chagueni mtu mmoja wa kushika mchango. Si lazima awe mkubwa wa familia. Awe anayepokea simu na asiyekasirika akiulizwa.

Pili, awe na mahali pa pekee pa kuweka pesa hiyo kwenye simu: akiba iliyofungwa hadi tarehe mnayoitaka, au laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lake.

Tatu, kila Jumapili jioni atume taarifa ya miamala kwenye kikundi cha familia: nani ametuma, nani bado, salio ni ngapi. Msimfanyie hivyo kwa kuwa mnamshuku. Mnamlinda. Pesa za msiba zimewahi kugombanisha ndugu ambao hata shamba halikuwagombanisha, na mara nyingi hakuna aliyeiba. Ni vile tu hakuna aliyeandika.

Chagua tarehe kwa akili

Barabara ya kwenda Jinja ndiyo hiyo hiyo ya Namugongo. Kila tarehe 3 Juni Wakatoliki na Waanglikana huadhimisha Siku ya Mashahidi wa Uganda, na siku za kabla yake mabasi hujaa na foleni za mpakani huwa ndefu. Desemba nayo, kila mtu anaenda kwao. Kama tarehe yako inaweza kusogea, isogeze.

Mabasi mengi ya Nairobi kwenda Kampala hupitia Nakuru, na mengi ni ya usiku. Ulizia mapema mambo mawili: utapandia wapi Nakuru, na kama nauli ya kushukia Jinja ni ile ile ya Kampala. Kisha mkumbushe kondakta. Ukipitiwa na usingizi utaamkia Kampala, kilomita 80 mbele, na itabidi ulipe tena kurudi.

Mpakani: karatasi na chenji

Utavuka Malaba au Busia. Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014, ila kihakikishe hakijafutika wala kuvunjika. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kama umebeba asthi, weka pamoja nayo nakala ya cheti cha kifo na karatasi ya mahali mwili ulipochomewa. Afisa akiuliza kilichomo chunguni, karatasi itajibu kwa niaba yako. Hakuna mtu anayetaka kuanza kueleza habari za baba yake mbele ya foleni saa nane za usiku.

Sasa pesa. Shilingi moja ya Kenya hukupa zaidi ya shilingi 20 za Uganda, kwa hiyo utajikuta umeshika mamilioni na kujiona tajiri. Pole pole. Wanaobadilisha pesa barabarani wanakujua umechoka. Angalia kiwango cha siku hiyo kwenye simu kabla hujashuka kwenye basi, badilisha dukani, na uhesabu noti mwenyewe kabla ya kuondoka pale dirishani.

Usibebe pesa yote mkononi. Badilisha ya siku ya kwanza, nyingine ibaki kwenye simu. Kabla ya kuondoka Nakuru, tupigie uhakikishe laini yako itafanya kazi ukiwa ng'ambo, na uulize ada na kiwango cha ubadilishaji. Kumbuka pia kwamba Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 kwa pesa inayotolewa kwenye simu. Ukituma kwa laini ya mwenyeji wako ili akutolee, ihesabu hiyo pia. Kwa kila shilingi 100,000 za Uganda, kodi ni 500, mbali na ada ya kutoa.

Ukifika ukingoni

Kuna kiingilio cha bustani, na mashua ni ya kukodi. Elewana bei kabla ya kupanda: ni ya mashua nzima au ya kila mtu? Ni ya kwenda na kurudi? Mtasubiriwa muda gani wakati wa maombi? Kila mtu avae jaketi la kuelea, Ba akiwa wa kwanza. Maji ya pale yana nguvu kuliko yanavyoonekana.

Vitu vya ibada kama ufuta, samli na mchele unaweza kuvibeba kutoka nyumbani. Maua ya kawaida yanatosha. Plastiki irudi na wewe.

Kama ni lazima iwe Varanasi

Wapo wazee walioacha wosia, na wosia ni wosia. Hapo mpango ubadilike: miezi 12 badala ya wiki 12. Utahitaji pasipoti, viza ambayo huombwa mtandaoni, na cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na cheti chake hudumu maisha yote. Kutoka Nairobi ndege huenda moja kwa moja hadi Mumbai, halafu unaunganisha.

Varanasi ina ngazi za kushukia mtoni zaidi ya 80, ambazo huitwa ghat. Epuka wakati wa mvua, Julai hadi Septemba, mto unapofura na mashua kusimamishwa. Pia ujue kwamba siku 15 baada ya Diwali huwa kuna sikukuu ya taa, mji hufurika na bei za vyumba hupanda. Na si lazima waende wote. Mtoto mmoja akienda na asthi, wengine wanaweza kumchangia na kufuata maombi kwa video.

Kabla hujabonyeza "tuma"

Mtu aliyefiwa hachunguzi sana, na matapeli wanalijua hilo. Tangazo la kifo likiwa na namba ya simu, usishangae kupigiwa na mtu anayejiita pandit wa Jinja au mwenye hoteli, akitaka utume pesa ya kushika nafasi "sasa hivi". Mambo manne:

- Pata namba ya pandit au hoteli kupitia hekalu lenu au mtu aliyewahi kwenda, si kupitia aliyekupigia.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kama si la unayemlipa, acha.
- Ukikosea namba, omba muamala urudishwe mara moja. Usisubiri mpaka kesho.
- Hatutakupigia kamwe kukuuliza namba yako ya siri. Hata kama anajua jina la marehemu.

Basi leo jioni, hata kama safari ni ya mwaka ujao, fanya jambo moja dogo. Fungua akiba mpya kwenye simu, iandike "Jinja", weka 200. Mwambie na ndugu yako aweke yake. Siku ya kwenda mtoni ikifika, mtakuwa na nafasi ya kulia na kuomba bila kuwaza deni la nani linaiva lini.