NINI INAWASHA MOTO KATI YA WANAFUNZI WA INIVERSITE?



Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia mtihani wa Serikali, na wengi kati yetu wanawaza iniversite. Wazazi wanatuambia: «Kule msijitie katika fujo.» Wengine wanasema fujo inaletwa na watoto wasiolelewa vizuri. Sisi tunaona jambo hili si jepesi hivyo. Tuangalie Lovanium, kule Kinshasa, tarehe 4 Juni 1969.

Kwanza, mfuko. Mwaka 1967 feza ilibadilishwa: franga ikatoka, zaire ikaingia, na nguvu ya feza ikashushwa mbele ya feza za kigeni. Bei ya vitu ikapanda, burse haikufuata. Na munafunzi mwenye burse hali peke yake, wadogo zake pia wanamtazama.

Pili, sauti. Toka mgomo wa mwaka 1964, wanafunzi wa Lovanium walitaka kuwa na neno katika uongozi wa iniversite yao.

Tatu, mlango wa kusemea ulifungwa. Chama chao UGEC, kilichoanza mwaka 1961, kilikatazwa mwaka 1968, mwaka ule ule wanafunzi walipompinga Humphrey, makamu wa rais wa Marekani, alipofika Kinshasa. Ikabaki JMPR tu, vijana wa chama cha Serikali. Mtu asiye na pa kusemea atasemea wapi? Atasemea barabarani.

Nne, habari za mbali. Mwezi wa Mei 1968 wanafunzi wa Paris walisimama, na dunia nzima ilisikia. Lakini tusidanganyane: ile ilikuwa upepo tu, kuni zilikuwa za hapa kwetu.

Basi siku ile waliandamana mpaka mjini, na askari wakawapiga risasi. Makumi ya vijana walikufa, na mpaka leo watu hawapatani juu ya hesabu yao. Mwaka 1971 wenzao walitaka kuwakumbuka. Wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Kisha iniversite zote tatu zikaunganishwa kuwa UNAZA, mpaka mwaka 1981. Hata ile ya Waprotestanti ya Kisangani, iliyoanza mwaka 1963, ilipoteza uhuru wake, ijapokuwa risasi zilipigwa mbali nayo.

Kuko tena sababu ya tano, nayo ni mashaka. Lubumbashi, mwezi wa Mei 1990, wanafunzi waliwashuku wenzao kuwa wapelelezi wa Serikali, wakawapiga. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, watu wenye silaha wakaingia katika kampusi, wakaua. Hapo tunaona kwamba moto hauchomi wakubwa tu. Munafunzi anaweza kumchoma munafunzi mwenzake.

Tunafundishwa nini? Njaa peke yake haileti fujo kila mara. Njaa pamoja na ahadi zisizotimizwa, pamoja na mdomo uliofungwa, ndiyo inaleta. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili hapa kwetu. Munafunzi mwenye neno juu ya chakula au juu ya feza za masomo asiliseme gizani katika chumba cha kulala. Alilete kwa wakubwa wa vyumba, nasi tutalipeleka mbele. Na wale wanaotuongoza watujibu mapema, hata kama jibu ni «hapana». Jibu gumu linavumilika, lakini kunyamaziwa kunaumiza.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutakuwa kule. Tuende tukijua mambo haya.