Meza kwa Mtoto Asiyetulia

Saa sita na nusu mchana ndani ya Magic Kingdom, Orlando, ndiyo saa ya vilio. Jua la Florida liko utosini, foleni za michezo zimefika ukomo, na watoto walioamshwa alfajiri ili wawahi lango sasa wanagaagaa chini kwa sababu kofia ya mwenzao ina masikio na yao haina. Hapo ndipo baba anapotoa wazo: twendeni tukale. Wazo ni zuri, ila limechelewa. Mhudumu wa mlangoni anasema meza itapatikana baada ya saa nzima, na mtoto aliyechoshwa na foleni anaingizwa kwenye foleni nyingine.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani na Kanada, na kwa wageni wanaowafuata huko wakati wa likizo, Walt Disney World ni safari inayowekewa akiba kwa muda mrefu. Watu hupanga tiketi, hoteli na ndege kwa makini. Chakula hukiachia bahati. Halafu wanaporudi, kinachosimuliwa kwa uchungu ni ule mlo wa bei ya ajabu ambao mtoto aliutumia wote akiwa chini ya meza.

Ni kweli kwamba Orlando imejaa migahawa iliyotengenezwa ili watoto wasichoke. Ina madinosauri, ina samaki, ina magari, ina Mickey mwenyewe. Lakini kelele na taa peke yake hazimtulizi mtoto. Kinachomsumbua ni kungoja, na mgahawa unafaa au haufai kutegemea unavyozishughulikia zile dakika kati ya kukaa na kuletewa sahani. Wafanyabiashara waliligundua hilo zamani. Nolan Bushnell, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya michezo ya video ya Atari, alipoanzisha Chuck E. Cheese mjini San Jose mwaka 1977, aliona piza inamfaa kwa sababu huchukua muda kuiva. Piza ikiwa kwenye oveni, watoto wana mashine za kuchezea na wazazi wana noti za kugeuza sarafu. Biashara nzima ilisimama juu ya ule muda wa kungoja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mgahawa una nini, uliza mtoto atakuwa anafanya nini pale.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, mimi ningeanzia Garden Grill, iliyoko EPCOT, bustani nyingine ya Disney, ndani ya jengo la The Land. Ukumbi wake unazunguka polepole, watu wakiwa wamekaa, na chini yake hupita mashua za watalii katikati ya msitu na jangwa la kutengenezwa. Mtoto akitazama nje sasa anaona miti, akitafuna kidogo anaona kitu kingine. Chakula huletwa mezani kwenye masinia ya kula pamoja, kwa hiyo hakuna kusoma menyu wala kubishana. Mickey, Pluto na wale panya wawili wa miti, Chip na Dale, hupita meza kwa meza. Hilo la mwisho lina faida ambayo wengi hawaifikirii: nje kwenye bustani unapanga foleni ndefu kupiga picha na Mickey, humu Mickey ndiye anayekuja kwako ukiwa umeshika uma. Umekula, umepumzika kwenye kiyoyozi na picha umepata.

Bufee za wahusika zinafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Chef Mickey's, ndani ya hoteli ya Contemporary iliyofunguliwa pamoja na Magic Kingdom mwaka 1971, ina treni ya reli moja inayopita juu ya vichwa vya watu, ndani kabisa ya jengo. Mtoto ana ruhusa ya kunyanyuka, kushika sahani, kuchagua mwenyewe na kurudia. Mtoto asiyetulia akipewa sababu halali ya kutembea, nusu ya ugomvi imekwisha. Biergarten, kwenye banda la Ujerumani la EPCOT, nayo ni bufee, na ina bendi ya matarumbeta pamoja na sakafu ya kuchezea mbele ya jukwaa. Mtoto anayepiga meza kwa vijiko hapo haonekani mkorofi. Anaonekana mwanabendi.

Sasa niseme jambo ambalo matangazo hayasemi. Baadhi ya migahawa hii inatisha. T-REX, kule Disney Springs, ina madinosauri makubwa yanayotikisa vichwa na kunguruma, na kila baada ya muda taa hubadilika, ngurumo hutanda na mvua ya vimondo "huanguka" ukumbini. Mvulana wa miaka minane ataomba arudi kesho. Mdogo wake wa miaka miwili atakukwea shingoni na hatashuka mpaka mlipe bili. Rainforest Cafe ni ya ukoo huohuo: sokwe wa mashine, tembo wa mashine, radi za mara kwa mara. Mgahawa wa kwanza wa jina hilo ulifunguliwa mwaka 1994 ndani ya Mall of America, Minnesota, na ndugu zetu wengi wa kule wanaifahamu hiyo mall kama sebule zao. Basi mnaokaa karibu, mjaribuni mtoto hapohapo nyumbani siku ya Jumamosi. Akilia kwa radi ya Minnesota, atalia kwa radi ya Florida.

Kuna migahawa ya kutazama, na hii inahitaji mtoto mkubwa kidogo. Sci-Fi Dine-In, katika Hollywood Studios, imewapanga watu ndani ya magari ya wazi ya miaka ya 1950, giza limetanda, nyota juu, na mbele kuna skrini ya vipande vya filamu za zamani za majitu na vyombo vya anga. Picha inapendeza sana. Tatizo ni kwamba kwenye gari wote mnatazama mbele, safu kwa safu. Ukiwa na watoto wawili wanaosukumana kwenye kiti kimoja, utakula ukizungumza na visogo. Space 220, iliyofunguliwa EPCOT mwaka 2021, inakupandisha kwa lifti ya kuigiza hadi kwenye kituo cha anga, dunia ikibaki chini ya miguu yako. Safari ya lifti ni tamu kuliko chakula, nayo inakwisha kabla hujakaa. Baada ya hapo kuna mlo mrefu wa bei ya kupangwa, na mtoto ameshauliza kama mnaweza kupanda lifti tena. Pesa hiyo ningeipeleka Coral Reef, ambako ukuta mmoja ni kioo cha tangi la maji ya chumvi lenye lita zaidi ya milioni 20. Papa akipita, kasa akipita, taa akipita, kila mara ni kitu kipya na hakuna aliyekipanga. Omba meza iliyo karibu na kioo, na usione haya kuomba.

Kundi ninalolipenda zaidi ni la migahawa ambayo mhudumu ndiye mchezo. Whispering Canyon, kwenye hoteli ya Wilderness Lodge, inajulikana kwa jambo moja dogo. Mtoto anaomba tomato sosi ya chipsi zake. Mhudumu badala ya kwenda jikoni anapaza sauti ukumbi mzima usikie kwamba meza hii inataka tomato, na ghafla watu wa meza nyingine wanaanza kuleta chupa zao, moja baada ya nyingine, mpaka chupa zinajipanga mbele ya mtoto kama askari kwenye gwaride. Anayefuata kuomba hajui kinachomsubiri, na mtoto wako sasa anamtolea macho jirani akiombea aishiwe tomato. Huo ni mchezo usio na betri wala skrini. Roundup Rodeo BBQ, iliyofunguliwa mwaka 2023 kwenye eneo la Toy Story, inaendeleza wazo hilohilo: wageni wote huhesabiwa kuwa midoli, na ikitangazwa kwamba Andy, mwenye midoli hiyo, anakuja, ukumbi mzima unaganda, mwenye mfupa mdomoni abaki nao mdomoni. Mzazi aliyewahi kumsihi mtoto akae kimya kwa sekunde kumi atajifunza kitu pale.

50's Prime Time Café nayo ni ya namna hii, ila kwa watoto wetu ina kichekesho chake. Ukumbi umejengwa kama jiko la Marekani la miaka ya 1950, televisheni za rangi nyeusi na nyeupe zikiwaka pembeni, na wahudumu wanajifanya shangazi, binamu na mama. Ondoa viwiko mezani. Umenawa mikono wewe? Mboga hizo humalizi? Wazungu wanacheka mpaka machozi. Mtoto aliyelelewa na bibi wa Tanga au Machakos anamtazama mama yake akishangaa kwamba kuna watu wanayalipia maneno haya kwa dola. Wengine huchukulia karipio kwa uzito wakaanza kula kabichi kwa woga. Ukiwa na mtoto mpole wa aina hiyo, mnong'oneze mapema kwamba ni maigizo.

Halafu kuna Animal Kingdom, na hapa msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wengine hawana. Bustani hiyo ilipofunguliwa mwaka 1998, sehemu yake ya Afrika ilijengwa kama mji wa kubuni wa pwani uitwao Harambe, ulioigwa kwa sehemu kubwa kutoka Lamu: kuta zilizobanduka chokaa, milango ya mbao, mabango ya biashara ya Kiswahili kila kona. Mpe mtoto anayejua kusoma kazi ya kutafuta mabango na kuwasomea wenzake. Njia ya kwenda mezani itakuwa fupi. Bufee ya hapo inaitwa Tusker House, jina litakalowachekesha Wakenya, na mwenyeji ni Donald akiwa na mavazi ya safari.

Ila kama ningeruhusiwa mlo mmoja tu Florida nzima na watoto wasiotulia, ningekwenda Sanaa. Uko katika Kidani Village, upande wa pili wa hoteli ya Animal Kingdom Lodge, na kwa kuwa ni mgahawa wa hoteli hauhitaji tiketi ya bustani. Madirisha yake yanatazama mbuga ndogo ambamo twiga na pundamilia wanakula majani yao huku wewe unakula yako. Chukua meza ya mapema jioni, kwa sababu giza likiingia dirisha ni kioo tu. Na agizeni mara moja lile sinia la mikate mitano ya Kihindi na vitoweleo tisa. Halihitaji uma. Mtoto anachana kipande cha naani, anachovya kwenye chatne ya embe, anakunja uso kwenye ya pilipili, anarudi kwenye mtindi kuzimisha moto, anamdanganya kaka yake kwamba ile nyekundu ni tamu. Vibakuli tisa ni kazi ya kutosha kwa mikono miwili. Mzazi wa pwani naye anapata ladha anayoijua, jambo ambalo baada ya siku tatu za baga si dogo.

Kuhusu nafasi: meza hizi hufunguliwa siku 60 kabla, na zinazopendwa huisha haraka. Ukikosa kutokea bila kughairi, sehemu nyingi hukata dola 10 kwa kila kichwa. Usijaze kila siku. Meza moja ya maana kwa siku inatosha, nayo iwe saa tano asubuhi au saa kumi na nusu jioni, kabla ya wimbi la watu. Miezi ya kiangazi mvua za radi za mchana ni kawaida Orlando, kwa hiyo mlo wa saa tisa chini ya paa si wazo baya. Wanaoepuka nguruwe waulize wanapoweka nafasi. Hoop-Dee-Doo, onyesho la nyimbo na vichekesho linalochezwa Fort Wilderness tangu 1974, ni furaha tupu kwa watoto, lakini kwenye ndoo zinazoletwa mezani kuku wa kukaanga hukaa pamoja na mbavu za nguruwe.

Milo mingine iwe ya kawaida. Disney inaruhusu kuingia na chakula chako, mradi usibebe chupa za glasi wala pombe, na maji ya barafu hutolewa bure kwenye kaunta za chakula. Chapati zilizokunjwa kwenye mfuko na ndizi mbili zimeokoa siku nyingi za likizo.

Na bei. Kwenye bufee na milo ya wahusika, aliye chini ya miaka 3 hula kwenye sahani ya mzazi bila malipo. Kuanzia 3 hadi 9 ni bei ya mtoto. Akifika 10, Disney inamhesabu mtu mzima na kumtoza kama baba yake, hata kama ataishia kula tambi tatu na aiskrimu. Mwenye mtoto anayetimiza miaka 10 mwezi wa Agosti, safari iwe Julai.