Pesa ya ufuta, kamera ya mtumba: unanunua nini hasa?

Tuseme umeuza ufuta, AMCOS imekulipa, na baada ya kutoa ada za watoto na madeni ya dukani umebakiwa na kiasi ulichopanga kununulia kamera. Uko Nandagala, wilayani Ruangwa. Harusi zipo, ngoma zipo, na bibi yako hana picha nzuri hata moja zaidi ya ile ya kitambulisho. Kamera utamwagiza mtu akutafutie Kariakoo, au utanunua kwa mwenye nayo baada ya kuona picha zake WhatsApp. Ukikosea, hela ya msimu mzima imekwenda.

Muuzaji atakutajia megapikseli. Atakutajia jina la kampuni. Sisi tunakuomba umuulize swali jingine: kamera hii, pamoja na lenzi yake, inakusanya nuru kiasi gani? Ukilielewa swali hilo, hela kidogo itakufikisha mbali.

Kamera ni chumba chenye tundu

Mchana kaa chini ya mkorosho utazame ardhini. Utaona vidoa vya nuru, vingi vikiwa vya mviringo. Matundu kati ya majani hayana umbo la mviringo, sasa huo mviringo umetoka wapi? Kila kidoa ni picha ya jua. Tundu dogo linapitisha miali kwa mstari mnyoofu, na upande wa pili inachorwa sura ya kile kilichotoa nuru. Ndiyo maana jua linapopatwa vidoa hivyo hugeuka hilali. Na tarehe 1 Septemba 2016, watu wa Rujewa mkoani Mbeya waliposhuhudia jua limekuwa kama pete, vidoa vya chini ya miti navyo huwa pete wakati kama huo.

Mwanasayansi Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi pia Cairo, aliichunguza tabia hii ya nuru na matundu miaka elfu moja iliyopita. Kamera yako ni jambo lilelile: chumba cheusi, tundu upande mmja, na upande wa pili kihisi kinachopokea nuru badala ya ardhi.

Tatizo la tundu dogo ni kwamba linaingiza nuru kiduchu. Ukilipanua, nuru inaongezeka lakini picha inakuwa na ukungu. Hapo ndipo lenzi inapoingia: inaruhusu tundu liwe kubwa, halafu inaikunja miali ikutane mahali pamoja. Kwa hiyo unapolipia lenzi, unalipia tundu kubwa lisiloharibu picha.

Ile namba yenye f maana yake nini?

Kwenye lenzi nyingi utaona maandishi kama 50mm f/1.8. Milimita 50 ni urefu wa fokasi, ambao ndio unaoamua lenzi inavuta kiasi gani. Namba ya f unaipata ukigawa urefu huo kwa upana wa tundu. Yaani 50 gawanya kwa 1.8 ni karibu 28: tundu lina upana wa milimita 28. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Wengi hulielewa kinyume, kwa hiyo lirudie mara mbili.

Kamera nyingi za bei nafuu huuzwa na lenzi ya 18-55mm, ile ambayo mafundi huiita kiti. Ukiivuta mpaka 55, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6, yaani upana wa milimita 10 hivi. Linganisha na 28. Na kwa kuwa nuru inapita kwenye eneo lote la tundu, tofauti hupatikana kwa kuzidisha namba kwa yenyewe: 5.6 gawanya kwa 1.8 ni 3.1, na 3.1 mara 3.1 ni karibu 10. Lenzi ya f/1.8 inamwaga kwenye kihisi nuru karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Ni kama kuweka beseni na kikombe chini ya mvua ileile kwa dakika moja.

Hesabu ya usiku wa ngoma

Mara kumi ina faida gani? Twende uwanjani usiku, taa moja inawaka juu ya nguzo. Macho yako yanaona vizuri tu, kwa sababu macho yanajirekebisha mno. Lakini jua la mchana linatoa mwangaza wa lux 100,000 hivi, na hapo chini ya taa huenda ukawa na lux 50. Umepoteza nuru mara elfu mbili.

Weka ISO 1600. Kwa lenzi ya f/5.6, kamera itahitaji kufungua shata kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa f/1.8, sehemu moja ya mia inatosha. Sasa mtu anayetembea polepole huenda mita moja kwa sekunde. Katika sehemu moja ya kumi amesogea sentimita 10, na uso wake kwenye picha ni moshi. Katika sehemu moja ya mia amesogea sentimita 1, na utamtambua. Mchezaji wa ngoma anakwenda kasi kuliko huyo, lakini kuna nukta anatulia: mguu ukiwa juu, kichwa kikigeuka. Kwa f/1.8 unaweza kuidaka nukta hiyo. Kwa f/5.6 na ISO hiyohiyo huwezi, hata kamera iwe ya bei gani.

Jamani, hapa kuna jambo la adabu pia. Jando na unyago vina mambo ya ndani yasiyopigwa picha. Kuwa na lenzi inayoona gizani si ruhusa. Ongea kwanza na wenye shughuli, na mtoto usimpige bila mzazi wake kukubali.

Megapikseli je?

Fanya hesabu nyingine. Picha ya kusafisha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800, ambazo ni kama megapikseli 2. Karatasi nzima ya A4, kwa ubora uleule wa nukta 300 kila inchi, inahitaji karibu megapikseli 9. Canon EOS 1100D ya mwaka 2011 ina 12. Nikon D3100 ya mwaka 2010 ina 14. Zote zinazidi A4, na picha nyingi utakazopiga zitaishia kwenye kioo cha simu.

Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930. Picha za watu zilizopigwa studio hiyo kwa filamu bado zinatazamwa na kununuliwa leo, na hakuna anayeuliza zina megapikseli ngapi.

"Lakini simu yangu nayo ni f/1.8!"

Swali zuri. Ni kweli, simu nyingi zina f/1.8 au hata chini ya hapo. Ila namba ya f inakwambia nuru inayoangukia kila milimita ya mraba. Haikwambii kihisi kina milimita ngapi. Kihisi cha simu ya kawaida kina eneo la milimita za mraba 25 hivi. Cha Canon 1100D kina zaidi ya 320. Mvua ni ileile, ila mmoja ametandaza leso na mwingine ametandaza turubai. Nuru ya jumla ni kama mara kumi na tatu zaidi.

Simu hujitetea kwa kupiga picha nyingi harakaharaka na kuziunganisha. Ujanja huo unafanya kazi nzuri kwa nyumba, mti au sahani ya ugali. Mtu akitembea, unaanza kushindwa. Kwa hiyo mchana, kwa vitu vilivyotulia, simu yako inatosha na usione haya kuitumia. Kamera itakulipa jioni, ndani ya nyumba na kwenye vitu vinavyotembea.

Basi ununue nini?

Ushauri wetu kwa mwenye hela kidogo: bodi ya zamani, lenzi ya 50mm f/1.8, na ile ya 18-55 ikija nayo ibaki nayo.

Kwa Canon, tafuta bodi kama 1100D au 600D. Lenzi ya 50mm f/1.8 II ilitoka mwaka 1990, ni ya plastiki na ina kelele, lakini picha zake ni safi. Mrithi wake wa mwaka 2015, wenye herufi STM, una fokasi tulivu na shingo ya chuma. Yongnuo nao wana 50mm f/1.8 ya bei ya chini zaidi.

Kwa Nikon kuna mtego. Bodi ndogo kama D3100 na D3200 hazina mota ya fokasi ndani. Ukizifunga lenzi ya AF 50mm f/1.8D, picha itatoka lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Unachotaka ni AF-S 50mm f/1.8G, yenye mota yake yenyewe. Herufi moja tu, D au G, na biashara imebadilika. Mwambie hivyo yule unayemtuma Kariakoo, mwandikie kwenye karatasi.

Kwa nini ubaki na 18-55? Kwa sababu kwenye bodi hizi, 50mm inavuta. Ili mtu mzima aenee kutoka utosini hadi miguuni inabidi urudi nyuma mita 4 hivi. Sebuleni utagota ukutani. Kwa 18mm unahitaji mita moja na nusu tu.

Na f/1.8 ina gharama yake. Ukimpiga mtu aliye mita 2 mbele yako, kinachoonekana kwa ukali ni kina cha sentimita 11 tu. Lenga jicho, la sivyo utapata pua kali na macho yenye ukungu. Kwa picha ya ukoo mzima, wapange mstari mmoja au miwili kivulini, rudi nyuma, kisha funga tundu hadi f/5.6.

Adui wa kweli: kuvu

Kwa mikoa ya Lindi na Mtwara, kinachoua lenzi za mitumba mara nyingi si kuanguka. Ni kuvu. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 au 70 kwa muda mrefu, mbegu za kuvu zilizotua kwenye vumbi ndani ya lenzi huota. Nyuzi zake hutambaa juu ya kioo kama utando wa buibui, na asidi zinazotoa hula ule utando mwembamba uliopakwa kuzuia miakisiko. Kuvu akishakula hapo, hata fundi akiisafisha kovu linabaki, na picha zako zitakosa ukali kila ukielekea kwenye nuru.

Kumkagua ni rahisi. Fungua vifuniko vya pande zote mbili, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, itazame kwa mshazari. Vumbi la nukta mbili tatu halina neno. Ukiona nyuzi au matawi, rudisha. Ukinunua kwa simu, omba upigiwe video na tochi ikiwaka. Muuzaji akikwepa, umeshajibiwa.

Halafu piga ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kuna madoa meusi, hayo ni uchafu wa kihisi. Jaribu fokasi karibu na mbali. Kwa Nikon, unaweza kusoma ndani ya faili la picha idadi ya mara shata ilizofunguka. D3200 ilijaribiwa kiwandani hadi mara 100,000.

Kamera ikifika nyumbani, msimu wa mvua wa kuanzia Desemba hadi Aprili usiiache kwenye begi la ngozi wala kabatini. Itie kwenye kontena la chakula lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya jeli ya silika, ile inayobadilika rangi ikishiba maji. Lengo ni unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Mchele usiweke: unaacha unga, na unga ni chakula cha kuvu.

Nuru ya bure

Nandagala ipo karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Hii ina maana jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na 22 Februari. Saa sita mchana siku hizo, nyusi zinatupa kivuli na macho yanakuwa mashimo meusi. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Msogeze mtu barazani, uso ukielekea nje: paa linazuia jua, na ardhi inayong'aa mbele yake inarudisha nuru laini usoni. Jioni nayo usichelewe. Huku kwetu jua huzama likishuka karibu wima, na kutoka linapozama hadi giza kuanza kuingia una dakika 22 hivi.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, wiki hii mkalishe bibi barazani, saa kumi jioni, umpige kwa simu uliyonayo. Muombe ageuke polepole kushoto na kulia, utazame nuru inavyotembea usoni mwake. Kamera itakapofika utakuwa unajua tayari wapi pa kumkalisha.