KADI YA HARUSI ILIYOIZIKA IKULU YA KUA

*Si kila anayekualika pilau anakupenda. Waulize watu wa Mafia*

Msomaji, umewahi kuletewa kadi ya harusi ukaigeuza mara mbili mbili, ukijiuliza kama ule ni mwaliko au ni deni? Mchango wa kamati unakuelemea, suti iko kwa dobi, na bado hujui utakalishwa meza gani. Shukuru Mungu, hofu yako inaishia mfukoni. Kule kisiwani Mafia inasimuliwa karamu moja ambayo wageni waliingia wamejifukiza udi, wakapokewa kwa vicheko, na hakuna aliyetoka.

Hiyo ndiyo habari ya Kua. Ndani yake kuna wafalme, mafundi, jahazi na kisasi. Kaa vizuri.

MJI ULIOITWA KUA, UKAKUA

Kwanza tuwekane sawa. Hii siyo ile Mafia ya Italia, ya mabwana wenye kofia na bastola. Hii ni yetu wenyewe, iko mkoa wa Pwani, inatazamana na mdomo wa mto Rufiji. Ingawa ukimaliza kusoma utakubali kwamba hata hawa wa kwetu hawakuwa watu wa kuchezea.

Ukitoka Utende unavuka kwa boti mpaka kisiwa cha Juani. Nahodha anatazama maji kwanza, maana yakishatoka mtakaa mchangani mpaka yarudi. Pwani ya magharibi ya Juani, katikati ya vichaka na mibuyu, ndiko iliko Kua: magofu ya mji mzima yaliyotanda kwenye eneo kubwa. Kuna misikiti, makaburi, nyumba za mawe, na jumba la ghorofa ambalo wenyeji wanakuonyesha kuwa lilikuwa ikulu ya sultani.

Mji huu ulivuma hasa karne ya 18. Wareno walikuwa wameshatimuliwa Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698, na watawala wadogo wadogo wa pwani wakapata nafasi ya kunyoosha miguu. Mtu akinyoosha miguu, kinachofuata ni kujenga.

Na kujenga wakati ule hakukuwa mchezo, hapakuwa na mfuko wa saruji wala bati. Jiwe lenyewe ni tumbawe, linakatwa baharini likiwa laini, likipigwa na upepo linakuwa gumu. Chokaa inapatikana kwa kupanga matumbawe juu ya rundo la magogo na kuyachoma mpaka yawe unga. Dari linabebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya majumba hayo ni virefu lakini vyembamba: boriti ina mwisho wake. Sultani aliweza kumwamuru kila mtu mjini, ila mkoko hakuweza kuuamuru urefuke.

Sasa jumlisha. Ukiona ghorofa la mawe, ujue mwenyewe ana watu wa kupiga mbizi, ana watu wa kukata magogo, ana majahazi ya kubebea boriti. Jumba lilikuwa tangazo. Ndani ya majumba ya wakubwa wa pwani ukutani kulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya kupangia sahani kutoka China, ili mgeni akiinua macho ajue yuko kwa nani. Ni yale yale ya kigogo wa leo anayeegesha gari jipya nje ya geti wakati ndani nafasi ipo tele.

Huko Pate na Lamu wakubwa walikuwa na siwa, baragumu kubwa la pembe za ndovu au shaba. Siwa ya pembe ya Pate imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Unguja nako Mwinyi Mkuu alikuwa na ngoma zake na siwa yake. Vitu hivyo havikupigwa na yeyote mwenye pumzi. Aliyekishika chombo ndiye aliyeishika nchi. Kwa maneno mengine, kwa wafalme wale sanaa na siasa zilikuwa zinalala kitanda kimoja.

JAHAZI JUU YA WATOTO

Hapo ndipo kasheshe linapoanza. Upande wa pili, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa, kulikuwa na mji mwingine: Kisimani. Huu ulikuwa mkongwe. Habari za kale za Kilwa, zilizoandikwa karne ya 16, zinasema sultani wa kwanza wa Kilwa alimtuma mwanawe Bashat kuitawala Mafia. Kwa hiyo watu wa Kisimani walikuwa na la kuringia, na Kua walikuwa na jeuri ya mali mpya. Majogoo wawili kwenye banda moja.

Masimulizi ya Mafia yanasema Kua waliunda jahazi kubwa. Siku ya kulishusha majini wakawaalika Kisimani waje kusherehekea. Chombo kikishushwa, kwa kawaida hutelezeshwa juu ya magogo. Siku ile, inasemekana, wenyeji waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na jahazi likapitishwa juu yao mpaka majini.

Kisimani hawakupiga kelele. Walirudi kwao wakanyamaza miaka saba, wengine wanasema minane. Halafu wakapeleka mwaliko: tuna harusi, karibuni, yaliyopita si ndwele.

Kua wakaja. Wakapelekwa kwenye chumba kilichojengwa chini ya nyumba, chakula tele, mazungumzo matamu. Mmoja mmoja wenyeji wakaanza kuaga: huyu anafuata maji, yule anaitwa nje. Mwisho akabaki mzee mmoja tu, akiwachekesha wageni ili wasigutuke. Wakati huo huo huko nje mlango ulikuwa unajengwa kwa mawe, taratibu, bila kishindo. Mzee yule naye alifungiwa humo humo.

Nani aliona? Hiyo ndiyo simulizi, wala hakuna aliyekifukua chumba chenyewe. Lakini simulizi haidumu hivi hivi tu, inadumu kwa sababu ina jambo inalolishikilia. Hili tutalirudia.

MKONO WA FUNDI

Usidhani Kisimani walikuwa malaika. Wao nao wana lao. Inasimuliwa kwamba sultani wao alipata fundi hodari, akamjengea jumba ambalo halijapata kuonekana. Kazi ilipokwisha, sultani akaamuru fundi akatwe mkono wa kuume, asije akamjengea mwingine kama lile. Wenyeji wanasema ndiyo maana bahari iliumeza mji ule. Na kweli Kisimani imeliwa na maji, sehemu kubwa ya mji imekwenda.

Cha ajabu ni kwamba kisa hiki kina ndugu zake duniani. India wanasimulia kuwa Shah Jahan aliwakata mikono mafundi wa Taj Mahal. Urusi wanasimulia kuwa Ivan wa Kutisha aliwatoboa macho waliojenga kanisa la Mtakatifu Basil pale Moscow, lililokamilika mwaka 1561. Wanahistoria wamechunguza, ushahidi hakuna. Lakini watu wa nchi tatu wasiojuana wametunga kisa kimoja, kwa kuwa wote waliwajua wafalme wao: mkubwa hatosheki na kuwa na kitu kizuri, anataka mwingine asiwe nacho.

Ukitaka kilichotokea kweli, twende Ufaransa. Mwaka 1661 waziri wa fedha Nicolas Fouquet alimaliza kujenga jumba lake, Vaux-le-Vicomte. Tarehe 17 Agosti akamwalika mfalme kijana, Louis wa 14, kwenye karamu ya kukata na shoka, yenye tamthilia ya Molière na fataki. Mfalme alikula, alitazama, akaona jumba la waziri linatesa kuliko la kwake. Haikupita hata mwezi, Septemba 5, Fouquet akatiwa mbaroni, na alifia kifungoni mwaka 1680. Msanifu wake, mchoraji wake na mtengeneza bustani wake wote wakachukuliwa na mfalme kwenda kumjengea Versailles. Huyu hakukata mkono wa fundi. Alimchukua fundi mzima.

NANI ALILALA CHINI?

Sasa turudi Juani. Fedha za fahari hizo zilitoka wapi? Karamu ina bili, na bili ina mlipaji. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice: watumwa 1,000 kila mwaka, kila kichwa piasta 20. Sisemi Kua walitia sahihi karatasi ile. Nasema hiyo ndiyo bahari waliyokuwa wakisafiri, na Kilwa ni jirani.

Ndiyo maana mimi nakisikiliza kile kisa cha jahazi kwa sikio jingine. Chombo kizuri, ngoma, wageni, shangwe, na chini yake wamelala watoto wa watu. Hata kama siku ile haikuwahi kuwepo, waliosimulia walijua fahari ya wakubwa ilikuwa ikipita juu ya migongo ya nani.

Na mwisho wa Kua haukuletwa na harusi. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuja Wasakalava kutoka Madagaska kwa ngalawa zao za vita, wakauteka mji, wakawabeba watu kwenda kuwauza. Mji uliokuwa ukitazama biashara ile ikipita mlangoni, wenyewe ukageuka bidhaa. Waliobaki hawakuujenga tena. Maisha yakahamia kisiwa cha jirani, Chole, na mizizi ya miti ikaingia ikulu bila kubisha hodi.

Leo kuta zile ni mali yetu sote. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Lakini sheria haikai pale usiku na mchana, na vijana wenzangu tuna tabia: tukifika gofuni, mmoja anatoa msumari aandike jina lake na la mpenzi wake, mwingine anatia kigae mfukoni akamwonyeshe dada yake mjini. Kua wenyewe hawakutuachia kitabu. Chokaa ile ndiyo karatasi yao, na kila kigae kinachoondoka ni ukurasa umechanwa. Tukiimaliza, tutabaki na hadithi tu, na hadithi bila ukuta kesho ataibisha nani?

Kwa hiyo ukipata nauli, nenda. Panda boti, subiri maji, simama ndani ya ikulu ile kimya kimya. Mikono iache mfukoni.

Na ile kadi yako ya harusi? Nenda tu, ukacheze. Ila ukiona wenyeji wanaaga mmoja mmoja, usingoje keki.