ENO ILIYOWADUWAZA WAMASAI, NA SAFARI YA KIDONGE HADI IFAKARA

Gazeti la aina hii uliloshika mkononi, msomaji, limepewa jina na kidonge. Sijalewa, nisikilize kwanza. Mwaka 1884 kampuni ya wauza dawa wa London, Burroughs Wellcome, ilisajili neno "Tabloid" kuwa alama yake ya biashara. Wenyewe walikuwa Wamarekani wawili, Silas Burroughs na Henry Wellcome, na biashara yao ilikuwa kubana dawa kwa mashine hadi inakuwa kidonge kidogo kigumu, kila kimoja na kipimo kile kile. Kwa mkemia wa kawaida dawa ilitwangwa, ikapimwa kwa mizani na kuviringishwa kwa vidole, leo kikubwa kesho kidogo. Neno likapendwa, likatoka kwenye chupa likaingia mtaani. Kila kilichobanwa kikawa kidogo kikaitwa tabloid, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 magazeti ya kurasa ndogo na habari fupi fupi yakalichukua jumla. Kampuni ilikwenda hadi mahakamani kutetea jina lake. Kwenye dawa ilishinda, lakini kwa magazeti ilishachelewa. Kwa hiyo udaku na panado ni ndugu wa tumbo moja!

Nimeanza huko kwa sababu nataka tuzungumze kuhusu jina la dawa na dawa yenyewe, vitu viwili ambavyo wengi wetu tunavichanganya. Na mahali ninapotaka tufikie ni Ifakara, kwenye bonde la Kilombero. Huko mchele ni mtamu, baiskeli ni nyingi kuliko magari, na mbu hana masihara.

SANDUKU LA MZUNGU

Basi bwana, enzi za Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901, mzungu hakuthubutu kuingia bara bila sanduku la dawa. Homa ilikuwa inawapukutisha kama kuku wenye kideri. David Livingstone, ambaye alikuwa daktari kabisa, alikuwa na kidonge chake mwenyewe: kwinini, mizizi miwili ya kuharisha, na kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Ndiyo, zebaki. Kilikuwa kinakuamsha kitandani kweli, hata kama ni kwa kukukimbiza chooni, wakakiita "Rouser", yaani kiamshaji. Kwinini alikuwa anaiongeza mpaka masikio ya mgonjwa yavume. Aliyewahi kumeza kwinini anajua ninachosema.

Januari 1867 baadhi ya wapagazi walimtoroka Livingstone wakaondoka na sanduku lile. Aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo, akaishi miaka sita mingine, mingi kati yake akiwa mgonjwa, hadi alipofariki mwaka 1873. Alipokwisha kuzikwa, jina lake likawa mali. Burroughs Wellcome walikuja kuuza "Livingstone Rousers" chupani, na mwaka 1887 wakampa Stanley masanduku tisa ya dawa bure kwa safari ya kumfuata Emin Pasha. Bure hiyo ilikuwa tangazo, na Stanley aliwalipa kwa kuwasifu kwenye kitabu chake. Hawa wenzetu wanaojisifu leo kwamba wamegundua kutangaza biashara kupitia mastaa, wamechelewa zaidi ya miaka mia.

Lakini kichekesho chenyewe ni cha Joseph Thomson. Kijana huyu wa Kiskoti alitoka Dar es Salaam mwaka 1879 akiwa na miaka 21, chini ya mkubwa wake Keith Johnston. Walipofika Behobeho, Johnston akafa kwa kuhara damu. Kijana akabaki na msafara, akiongozwa na Chuma, yule yule aliyekuwa na Livingstone, wakakata nchi ya Mahenge hadi Uhehe. Yaani alipita upande huu huu wa kwetu. Miaka minne baadaye, 1883, akaingia Umasaini, na huko akajifanya laibon. Uganga wake ulikuwa nini? Alimimina Eno kwenye maji ikafoka povu, watu wakaduwaa. Ikionekana haitoshi, akachomoa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha. Alikiandika mwenyewe kisa hicho mwaka 1885, tena kwa majivuno.

Eno hiyo ni ile ile unayochanganya baada ya kuzidisha chipsi mayai. Ni magadi na asidi ya unga tu, povu lake ni hewa ya soda. Kwa gesi ya tumboni inasaidia, hilo sikatai. Ila mwenzetu aliigeuza hirizi, halafu siku hizi tunaambiwa wapiga ramli ni sisi.

SHUBIRI, TANGAWIZI NA SABUNI

Na sanduku zima lilikuwa hivyo. Kulikuwa na vidonge vya Thomas Holloway, vilivyotangazwa kutibu karibu kila ugonjwa ulio chini ya jua na kumpa mwenyewe utajiri wa kujenga chuo kikubwa karibu na London, ambacho Malkia alikwenda kukifungua mwaka 1886. Samuel Baker, alipokuwa anazunguka mpakani mwa Sudan na Ethiopia miaka ya 1860, aliwagawia watu vidonge hivyo na akaeleza sababu bila aibu: vinaharisha kwa namna isiyobishika, kwa hiyo hakuna atakayesema dawa yako haifanyi kazi. Hebu iangalie akili hiyo! Mgonjwa haponi, lakini anaona kitu kimetokea.

Kulikuwa na Chlorodyne ya Collis Browne, mchanganyiko wa afyuni, klorofomu na bangi. Hiyo maumivu iliyaondoa kweli, na wengine haikuwaacha tena.

Halafu kulikuwa na Beecham's Pills. Chama cha madaktari wa Uingereza kilichoka na hizi dawa za siri, kikazipeleka maabara, na mwaka 1909 kikatoa kitabu chenye siri zote hadharani. Vidonge vya Beecham vilikutwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Boksi la vidonge 56 liliuzwa shilingi moja na peni moja na nusu, wakati vilivyomo ndani thamani yake ilikuwa nusu ya robo peni. Piga hesabu mwenyewe: mnunuzi alikuwa analipa zaidi ya mara mia. Kilichobaki chote ni jina, boksi na matangazo.

Ndani ya sanduku hilo la vioja kulikuwa na kitu kimoja kilichopambana na malaria kikweli, nacho ni kwinini, iliyochujwa kutoka kwenye gamba la mti huko Ufaransa mwaka 1820. Hata hiyo watu waliificha. Dawa ya homa ya Daktari Warburg iliuzwa kwa siri kwa miaka karibu arobaini, na mapishi yalipofichuliwa mwaka 1875 ikaonekana ni mchanganyiko wa vitu zaidi ya kumi. Kilichokuwa na nguvu dhidi ya homa? Kwinini!

Mimi hapa ndipo nawaza kuhusu Mahenge, mlimani ng'ambo ya mto ukitoka Ifakara. Tarehe 30 Agosti 1905 watu waliishambulia boma ya Wajerumani pale wakiwa wamepewa maji ambayo waliamini yatageuza risasi, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Vitabu vingi vya wakoloni viliyaeleza maji yale kama ujinga wa washenzi. Miaka ile ile London nzima ilikuwa inameza sabuni na shubiri ikiamini itapona ini, moyo na huzuni. Tofauti ni kwamba wa London hawakupigwa risasi kwa kuamini.

Vita Kuu ilipofika, Wajerumani hao hao walifungiwa bahari, kwinini ya Ulaya ikakatika. Bahati yao walikuwa na kituo cha utafiti kule Amani, Usambara, chenye miti ya kwinini. Magamba yakachemshwa, na askari wakanyweshwa maji yake machungu waliyoyabatiza "pombe ya Lettow", kwa jina la jenerali wao. Haikuwa na chupa nzuri wala tangazo, lakini dawa ilikuwemo.

WATU WA KUHESABU

Sasa Ifakara yenyewe. Mwaka 1949 alifika profesa wa Uswisi, Rudolf Geigy, kwa wamisionari Wakapuchini. Jina la Geigy ni la ukoo wa kampuni ya Basel ambamo nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939. Mwaka 1957 akafungua maabara ndogo, karibu na hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ndiyo mama wa taasisi ya utafiti ambayo tangu 2008 inaitwa Ifakara Health Institute.

Kilichonivuta mimi ni kazi waliyoifanya kijiji cha Idete, nje kidogo ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuja chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Mkolombia Manuel Patarroyo, na dunia ilikuwa imeshaanza kupiga vigelegele. Watoto karibu 600 waligawanywa, wengine wakapewa chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo hiyo, halafu watu wakakaa kuhesabu nani anaugua. Jibu likachapishwa mwaka 1994: kinga ni asilimia 31. Baadaye wakaijaribu kwa watoto wachanga wa bonde hilo hilo, na mwaka 1999 wakaandika kwamba kinga ni kama hakuna. Chanjo ikawekwa kando.

Wewe ulishaona wapi tangazo la dawa limeandikwa "inasaidia asilimia 31"? Kina Holloway wangecheka hadi wadondoke. Lakini hesabu hiyo ya Idete, mimi naiheshimu kuliko chuo chake.

Kwa kuhesabu hivyo hivyo nchi iligundua kwamba klorokwini imechoka. Wenye umri kidogo wanaikumbuka ile kuwashwa mwili mzima, unajikuna ukutani kama mbuzi. Mwaka 2001 ikaondolewa, ikaingia SP, vidonge vitatu mara moja, ambayo watu wengi waliiogopa kwa maneno ya mtaani kwamba inababua ngozi. Ni kweli iliwahi kuwababua wachache. Haikukaa. Mwishoni mwa 2006 ikaingia mseto, ALu, yenye asili ya mmea wa Kichina. Ya watoto, ile ya kuyeyusha kwenye maji yenye ladha ya tunda la cherry, utafiti wake mkubwa ulichapishwa mwaka 2008 ukiongozwa na Salim Abdulla wa Ifakara. Na aliyeitengeneza ni Novartis, kampuni iliyozaliwa 1996 Ciba-Geigy ilipoungana na Sandoz. Jina la Geigy likarudi bondeni kwa mlango wa nyuma! Hata ule utajiri wa Henry Wellcome uliacha mfuko, Wellcome Trust, tangu 1936, na watafiti wa Ifakara wamewahi kufadhiliwa nao.

VIDONGE VINANE

Kumbe kazi ya kaunta ndiyo ngumu kuliko ya maabara. Yale maduka ya dawa baridi yalianza kugeuzwa Duka la Dawa Muhimu mwaka 2003 kule Ruvuma, baadaye Morogoro, wauzaji wakapelekwa mafunzo. Mseto wa mtu mzima ni vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, na chakula chenye mafuta. Ukila vya siku moja homa inashuka, unajiona fiti, na wadudu wenye nguvu ndio wanabaki damuni. Sio hadithi za kutishana hizi. Karagwe, mkoa wa Kagera, vipimo vya 2022 vilikuta vimelea ambavyo dawa hii imeanza kuchelewa kuviua.

Nilikaa kwenye benchi la duka moja la dawa Ifakara, jua likiwa kali. Akaja kijana na baiskeli, kapakia gunia la mpunga.

"Shikamoo mama. Nipatie mseto."

"Marahaba baba. Umepima?"

"Mwili wangu naujua mwenyewe. Nipe ile yenye jani, lakini unikatie nane tu, hela haijakaa sawa."

"Sikati, mwanangu. Nenda zahanati wakupime, ikiwa ni malaria rudi nikupe dozi yote. Na kama siyo, utakula dawa ya nini?"

Kijana akacheka, akaaga vizuri, akapanda baiskeli yake. Zahanati ilikuwa mkono wa kulia. Yeye akakata kushoto, kwenye duka lenye bango kubwa zaidi.