Ng'ombe Akikunja Mgongo

Kabla ya bumu, ada yangu ililipwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, pale nyumbani Machame. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kwamba maziwa yameshuka kutoka lita 12 hadi 7, na kuna mtu wa bucha ameshataja bei, sikuuliza bei. Niliuliza anatembeaje.

"Anachechemea kidogo tu, baba. Ameshachomwa sindano tatu."

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Sindano ya antibayotiki inafaa pale bakteria wanapoingia katikati ya kwato mbili: mguu unavimba pande zote, una joto, unanuka. Wa kwetu haukuvimba wala kunuka. Kumbe sindano zile zilitufanya tumwage maziwa bure.

Ng'ombe anayefungiwa bandani hatembei, na ukwato hukua karibu milimita 5 kila mwezi bila kusagika. Ncha ikirefuka, uzito unarudi kisiginoni. Mfupa wa ndani unakandamiza nyama laini iliyo juu ya wayo, damu inavilia, mwishowe kidonda kinatoboka. Mara nyingi huwa ukwato wa nje, mguu wa nyuma. Zege lililolowa mkojo na samadi hulainisha kwato, na pumba nyingi kwa mkupuo mmoja huleta asidi tumboni inayozidhoofisha kwa ndani. Sisi tulikuwa na vyote viwili, tena kwa kujisifu: eti tunamlisha vizuri!

Nilipofika nilimtazama kwanza. Ng'ombe mzima hunyoosha mgongo akisimama na akitembea. Akiukunja anapotembea tu, tatizo limeanza. Wetu aliukunja hata akiwa amesimama.

Tulimfunga kamba, bwana mifugo akauinua mguu na kuuchonga. Chini ya tabaka la juu kulikuwa na doa jekundu, kisha kidonda. Dawa yake si sindano, ni kuuondolea ukwato huo uzito. Kibao cha kubandika kwenye ukwato mzima hatukukipata, basi akauchonga ule mgonjwa uwe mfupi kuliko mwenzake, ili mwenzake abebe mzigo.

Mama alitandika majani makavu ya migomba, na pumba sasa anaigawa mara tatu kwa siku. Tuko lita 10. Yule wa bucha bado anapiga simu. Mama naye hunipigia kila Jumapili, na hata salamu hazijaisha: "Leo mgongo umenyooka."